Kufunga AC nyumbani Tanga: isivuje, isigande, isiliwe na chumvi

Anayenunua AC Tanga huwa anawaza joto la Januari na Februari, usiku ambao upepo umelala na shuka limelowa jasho. Lakini kinachoua AC hapa si joto, ni maji. Kuna unyevu unaobaki ndani ya mabomba siku ya kufunga. Kuna mvuke wa chumbani unaotua kwenye koili, yaani mabomba yanayopoza hewa ndani ya AC, ukawa maji, na mambo yakiharibika ukawa barafu. Na kuna umande wa chumvi unaotoka baharini kila siku. Ukishayajua maji haya matatu utaelewa kwa nini kila hatua hapa chini ipo, na kwa nini fundi akiiruka unalipa wewe.

Mwongozo huu ni wa AC ya spliti ya ukutani, yenye kipande cha ndani na kipande cha nje, BTU (kipimo cha nguvu ya kupoza) 9000 hadi 24000. Waya za umeme ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, na gesi ni kazi ya fundi wa majokofu na viyoyozi. Kazi yako mwenye nyumba ni kujua nini kifanyike mbele ya macho yako, na wakati gani useme "hapana fundi, hiyo rudia".

Ukubwa: usinunue kwa sifa

Piga BTU 650 kwa kila mita ya mraba kama chumba kina dari nzuri. Kama juu ni bati na dari ni jina tu, au ukuta unapigwa na jua la alasiri, piga 750. Chumba cha futi 10 kwa 12 ni mita za mraba 11 hivi, 9000 inatosha. Futi 12 kwa 14 inataka 12000. Sebule ya futi 15 kwa 20 ni mita 28. Hapo ni 18000, au 24000 kama bati linawaka.

Wengi hukosea kwa kuzidisha, wakidhani kubwa ndiyo bora. AC kubwa kupita chumba inapoza hewa kwa dakika chache, inazima, inawaka tena, inazima. Haipati muda wa kukausha hewa. Matokeo yake ni chumba chenye baridi ya unyevunyevu, godoro linanuka, viatu vya ngozi vinaota ukungu kabatini. Kwa hewa ya Tanga, kukausha ni nusu ya kazi.

Angalia pia madirisha. Vioo vya luva havizibi hata ukivifunga vyote. Hewa nzito ya nje inaingia usiku kucha na AC haipumziki. Ziba kwa kipande cha plastiki ngumu au badilisha dirisha la chumba hicho kabla ya kununua AC.

Mahali pa kuiweka

Kipande cha ndani kiwe sentimita 15 chini ya dari na 12 kutoka ukuta wa pembeni, kwa sababu kinavuta hewa kwa juu. Pazia lililoning'inizwa karibu nacho, au kabati lililosukumwa chini yake, linakata hewa, na hewa ikikatika barafu haiko mbali. Usikiweke juu ya televisheni wala juu ya soketi: siku mfereji wa kutolea maji ya AC ukiziba, maji yatashukia hapo.

Kipande cha nje ndicho kinachotaka akili zaidi. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki, kaskazi kutoka kaskazini mashariki, na zote mbili hubeba chumvi. Kwa hiyo nyumba ya Raskazone au Sahare iweke kipande cha nje upande wa magharibi wa nyumba au ndani ya ua, ukuta ukikikinga. Ndiyo, magharibi kuna jua la jioni. Jua linapunguza nguvu kidogo. Chumvi inakula mashine. Weka kipaa kidogo cha bati, nusu mita juu yake, yaishe.

Acha sentimita 30 nyuma na mita moja mbele. Wizi wa shaba unawafanya watu wakijengee kizimba cha nondo, na si vibaya, ila nondo ziwe mbalimbali, sentimita 10 au zaidi, na usizizibe kwa wavu wa kuku. Kikikosa pa kutolea joto, kinavuta tena hewa yake yenyewe ya moto.

Kipande cha nje cha 12000 kina uzito wa kilo 25 hadi 35, na kinatikisika. Ukuta wa matofali ya saruji unabeba stendi yenye bolti za kupanuka vizuri. Ukuta wa zamani wa mawe ya matumbawe na chokaa haubebi: bolti inakaza leo, baada ya masika inacheza. Huko jenga kitako cha zege chini, kimo cha sentimita 20 au zaidi ili maji ya masika yasikifikie, na weka raba nene chini ya miguu. Bolti na nati ziwe za chuma kisichoshika kutu. Bolti ya kawaida ukipaka rangi inanunua muda tu, si mwingi.

Umeme

AC ya 12000 hula takriban kilowati 1.1, yaani ampia 5 hivi ikishatulia; isiyo ya inveta, yaani isiyoweza kubadilisha kasi yake, huvuta mara kadhaa zaidi sekunde ya kuwaka. Ikizunguka saa 8 mfululizo bila kupumzika ni uniti karibu 9 za LUKU. Mzigo huo hauchomekwi kwenye ekstensheni. Vuta laini yake peke yake kutoka kwenye kisanduku cha breka:

- 9000 hadi 18000: waya wa 2.5 mm², breka ya ampia 16 au 20.
- 24000: waya wa 4 mm², breka ya ampia 25.

Weka swichi ya kukata umeme karibu na mashine, ili anayeosha kipande cha nje akate bila kukimbilia ndani. Waya wa ethi ufike kwenye ethi ya kweli ya nyumba, si kwenye bomba la maji. Breka ya kukata umeme unapovuja, ya miliampia 30, ni lazima kwa mashine inayokaa na maji.

Volti zikishuka jioni, kompresa, ile pampu ya gesi iliyo kwenye kipande cha nje, huvuta ampia nyingi zaidi na nyaya zake za ndani huungua taratibu. Funga kinga ya AC inayokata chini ya volti 190 hivi na kuchelewesha dakika 3 hadi 5 kabla ya kurudisha umeme. Ucheleweshaji huo una sababu: kompresa iliyozimika ghafla bado ina mgandamizo mkubwa upande mmoja, ikilazimishwa kuwaka hapohapo hukwama. Ile fridge guard ya kuchomeka ni ya friji, haistahimili AC.

Mabomba: hapa ndipo gesi inapotorokea

Kwa 9000 na 12000 bomba jembamba ni robo inchi na nene ni inchi 3/8. Kuanzia 18000 nene huwa nusu inchi au zaidi, kama kibandiko kinavyosema. Yawe ya shaba, unene wa ukuta usipungue milimita 0.7. Madukani kuna mabomba ya alumini yaliyopakwa rangi ya shaba. Kwangua ncha kwa kisu: shaba ni nyekundu mpaka ndani, alumini inatoa weupe. Alumini ikikutana na nati ya shaba nyeupe kwenye hewa ya chumvi, inaliwa pale pale kwenye kiungo.

Urefu usipungue mita 3. Gesi ya kiwandani huwa imepimiwa mita 5 hadi 7.5, zaidi ya hapo huongezwa gramu 15 hadi 20 kwa kila mita kwa mashine ndogo, ila kitabu cha mashine yako ndicho kinachosema.

Tundu la ukutani liwe la milimita 65 na lielekee chini kwa nje, ili mvua isiingie na maji ya mfereji yatoke. Kisha:

1. Kata bomba kwa kikatio cha gurudumu. Msumeno wa chuma unaacha unga wa shaba ndani, nao unaishia kwenye kompresa.
2. Safisha ukingo wa ndani huku mdomo wa bomba ukiangalia chini, vumbi lianguke nje.
3. Ingiza nati kwanza. Kila fundi amewahi kuisahau.
4. Panua mdomo kama tarumbeta. Ukimaliza uangalie: ung'ae, uwe mviringo sawasawa, usiwe na ufa wala mkwaruzo. Ukiona ufa kama unywele, kata, anza upya.
5. Tia tone la mafuta ya kompresa mgongoni mwa tarumbeta, kaza kwa mkono mizunguko mitatu au minne, halafu spana mbili, moja ikishika, moja ikikaza. Kwa spana ya kipimo, inayosoma nguvu ya kukaza kwa Nm: robo inchi Nm 14 hadi 18, inchi 3/8 Nm 34 hadi 42, nusu inchi Nm 49 hadi 61.

Kukaza kupita kiasi ni kosa sawa na kutokaza. Tarumbeta inapasuka taratibu, gesi inakuwa waja leo waondoka leo.

Kila bomba livishwe sponji yake nyeusi, jembamba nalo, si nene tu. Bomba la baridi likiwa uchi kwenye hewa ya hapa linatiririka maji kama chupa ya soda, na doa la njano darini linaanzia hapo. Viungo vivishwe mwisho, baada ya kupimwa.

Kupima na kuvuta vakyumu

Hatua hii inachukua saa moja na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Fundi mwenye haraka hufungua gesi kidogo, anapuliza hewa itoke kwenye nati, anakaza, anadai tayari. Hewa ya Tanga aliyoiacha ndani ina mvuke wa maji. Mvuke huo ukikutana na mafuta ya kompresa inayotumia gesi ya R410A au R32 huzaa asidi. Na ukifika kwenye kapilari au vali ya upanuzi, pale gesi inapobanwa ili ipoe, ambako tundu ni la milimita moja na kidogo na baridi ni kali, unaweza kuganda. AC inapoza vizuri, inaacha, unaizima nusu saa, inapoza tena, inaacha. Watu hubadilisha hadi kadi ya umeme wakitafuta ugonjwa huo.

Kwanza jaza naitrojeni kwenye mabomba hadi mgandamizo wa psi 300 na uache dakika 20 au 30. Paka povu la sabuni kila nati. Sindano ya geji isishuke. Kamwe isitumike oksijeni, hata kama mtungi wa kuchomelea uko palepale: oksijeni yenye mgandamizo ikikutana na mafuta hulipuka, na imeua mafundi. Wala kiberiti hakitafuti uvujaji.

Kisha toa naitrojeni, washa pampu ya vakyumu, inayonyonya hewa yote kutoka kwenye mabomba, dakika 20 hadi 30. Pampu inashusha mgandamizo mpaka maji yachemke bila moto, yawe mvuke, yatoke. Lengo ni chini ya maikroni 500 (kipimo cha vakyumu) kwa geji ya dijitali. Kwa geji ya kawaida sindano ifike mwisho, inchi 30 chini ya sifuri, ufunge vali, usubiri dakika 10 hadi 15. Ikipanda, kuna unyevu au kuna tundu. Kompresa ya friji ya zamani si pampu ya vakyumu, haifiki huko.

Ndipo vali za kipande cha nje zifunguliwe, ya bomba jembamba kwanza, povu tena, halafu zote mpaka mwisho. Mashine nyingi mpya zina R32, inayoweza kushika moto, hivyo jiko la mkaa na sigara vikae mbali wakati wote wa kazi ya gesi, na madirisha yawe wazi.

Mfereji wa maji

Usiku wa unyevu AC ya 12000 inaweza kutoa lita moja ya maji kwa saa. Bomba la maji lishuke sentimita moja kwa kila mita, lisipande popote, lisijikunje, ncha yake isizame kwenye ndoo wala isiingie kwenye shimo la choo, maana harufu na gesi za choo zitapanda mpaka kitandani na kuila koili. Kabla ya kufunga kifuniko mimina lita moja ya maji kwenye sinia la ndani. Yatoke yote nje. Ukuta ukilowa, rudia leo, si mwezi ujao. Kipande cha ndani kipimwe kwa pima maji pia. Kikilalia upande usio wa mfereji hata kidogo, sinia litamwaga chumbani.

Baadaye mimina kikombe cha siki kila miezi miwili au mitatu. Utelezi unaoota humo ndio unaoziba.

Imeganda: soma barafu kabla ya kumwita fundi

Koili huganda pale joto lake linaposhuka chini ya nyuzi 0. Njia za kufika huko ni mbili hasa: hewa haipiti, au gesi imepungua. Zima, toka nje, fungua kifuniko cha vali, uangalie barafu iko wapi.

Barafu kwenye bomba jembamba na kipande tu cha koili ya ndani, huku bomba nene likiwa vuguvugu: gesi imepungua. Barafu imefunika koili nzima na bomba nene nalo ni jeupe hadi kwenye kompresa: hewa haipiti. Hiyo ya pili ni mbaya haraka zaidi, kwa sababu gesi inarudi ikiwa bado kimiminika, na kompresa haisukumi kimiminika, inavunjika.

Kwa tatizo la hewa, anza na vichujio. Vioshwe kila wiki mbili, vikaushwe kivulini, jua linavipinda. Kisha mulika tochi kwenye feni ya ndani, lile pipa linalozunguka. Mapezi yake yakiwa na ukoko wa vumbi, inazunguka bila kusukuma. Chumba kinachofukizwa udi kila jioni huziba mapema zaidi, maana moshi wake unanata na vumbi linapata gundi. Fukiza AC ikiwa imezimwa na dirisha wazi, harufu ikishatulia ndipo uwashe.

Kwa gesi, kumbuka kwamba AC haili gesi kama jiko. Inazunguka ileile miaka yote. Ikipungua imevuja, na fundi anayeongeza bila kutafuta tundu anakuuzia gesi ileile kila msimu. Mashine ikifanya kazi kwa nguvu zote, R410A na R32 husoma psi 110 hadi 140 upande wa bomba nene kwa hali ya hewa yetu. Zikikaribia 100 koili inagusa nyuzi 0. Kwa R22 za zamani mpaka huo ni psi 58. Gesi isichanganywe na nyingine. R410A ni gesi mbili zilizochanganywa nusu kwa nusu, hivyo hujazwa ikiwa kimiminika, kwa mizani, gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha nje. Kuhusu R22, nchi zinazoendelea zimepangiwa kuiondoa ifikapo 2030 chini ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni. Mashine ya R22 inayovuja haistahili kumwagiwa fedha nyingi.

Sababu ya tatu ni ya Julai na Agosti. Usiku nje ni nyuzi 20 na kidogo, wewe umeweka 16, feni polepole. Mgandamizo unashuka, koili inaganda bila ubovu wowote. Weka 24 au 25, feni ya kati.

Kuyeyusha: zima upozaji, acha feni peke yake saa 2 hadi 3, tandika taulo chini. Usichokonoe kwa kisu, bomba la koili ni jembamba kuliko unavyodhani, wala usimwage maji ya moto. Ikiganda tena baada ya kusafisha, usiiwashe mpaka ipimwe.

Chumvi

Mapezi ya kipande cha nje, vile visahani vyembamba vya kutolea joto, ni alumini, bomba lake ni shaba. Chumvi inanyonya unyevu na kuziunganisha metali hizo kama betri, na alumini ndiyo inayoliwa: utaona unga mweupe, kisha mapezi yanavunjika kwa kidole kama jani kavu. Nunua yenye mapezi yaliyopakwa kinga, ya rangi ya bluu au dhahabu. Inachelewesha, haizuii.

Kuosha ndiko kunakookoa. Kata umeme kwenye breka, osha mapezi kwa mpira wa maji ya nguvu ndogo, ukielekeza moja kwa moja, si kwa pembeni, maana hupinda. Mara moja kwa mwezi mjini, kila wiki mbili ukiwa unaiona bahari. Tumia maji ya bomba. Visima vingi karibu na pwani vina chumvi, na kuoshea maji hayo ni kuongeza ulichokuja kuondoa. Sabuni ya unga na dawa ya kusafishia vyoo zisiguse mapezi.

Ukiizima kwa msimu wa baridi, endesha feni pekee saa nzima ikauke ndani, kisha kata breka. Kipande cha nje usikivishe nailoni. Unyevu wa chumvi unafungiwa humo na kutu inafanya kazi usiku na mchana. Ubao juu na jiwe la kuushikilia vinatosha, pembeni kubaki wazi.